Magwangala Si Takataka

Bhoke, mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu jambo la kitabu chako limefika mahali ambapo si vizuri liendelee bila wewe kusikia. Ungekuwapo ningetembea hadi kibandani kwako, ningesogeza lile boksi la chaja mbovu nikaketi, nawe bila kuinua macho kwenye simu uliyoifungua ungesema, "Mwalimu, shikamoo. Leo umekuja na kipindi kimoja au viwili?" Kwako kipindi kimoja kilikuwa salamu na habari. Viwili maana yake nimekuja kueleza jambo, na wateja wajiandae kusubiri.

Leo ni viwili.

Nianze na habari. Mama yako hajambo. Kifua bado kinambana asubuhi, hasa siku ambazo upepo unatoka upande wa karasha na kuleta vumbi la mawe yaliyosagwa, lakini anaamka, anawasha moto, kisha anakwenda kukaa kwenye jiwe lake nyuma ya nyumba na kuanza kuponda. Nilimwambia apumzike japo wiki moja. Akaniuliza, "Nikipumzika, Mwalimu, mawazo nitayaweka wapi?" Nikachukua nyundo ya pili tukaponda wote mpaka jua lilipotufukuza.

Kibanda chako amekichukua fundi mwingine, kijana kutoka Tarime mjini. Ni mpole na kazi anaijua. Amepaka rangi upya na kuandika jina lake kwa herufi kubwa, na bado watu wakitoka nyumbani na simu mbovu wanaaga kwamba wanaipeleka kwa Bhoke. Mwanzoni ilimuudhi. Siku hizi mtu akiita "Bhoke!" pale dirishani, anaitika.

Kaburi lako tumelizungushia mawe. Mjomba wako Nyamhanga alitaka saruji, mama yako akakataa.

Na watu wanazidi kuja Nyangoto. Mashimo mapya yamefunguliwa upande wa mtoni, na kila wiki nasikia sokoni lafudhi ambayo sikuijua. Hata mwenye shamba la mihogo siku hizi analitazama shamba lake kama mtu anayemshuku mgeni aliyelala kwake. Haya yote uliyaona. Nayasema tu ujue kwamba hayajakoma.

Sasa kitabu.

Nataka nikumbushe kilivyoanza. Najua hujasahau. Ila tangu uondoke nimesimulia habari hiyo kwa watu wengi, na naogopa nimeanza kuitengeneza. Kwako siwezi kutengeneza kitu.

Ni yule bibi wa simu. Simu yake ilikuwa imejaa, ikawa nzito, inazimika yenyewe. Wakampeleka kwa fundi mmoja wa mnadani, naye akaiflashi. Neno hilo nilijifunza kwako: kuflashi ni kufuta vyote vilivyomo na kuiwekea simu mfumo mpya, ikawa nyepesi kama imetoka dukani leo. Bibi akaja kwako na simu inayokimbia, akaiweka mezani akasema, "Imepona, lakini mwanangu hayumo." Mwanawe alikuwa amefukiwa ndani ya duara, shimo la wachimbaji, na kilichokuwa kimebaki kwake ni sauti aliyomrekodia mama yake siku moja, akimsalimia tu, anauliza mvua, anauliza ng'ombe, anauliza goti lake. Ulihangaika na simu ile siku nzima. Sauti haikurudi.

Jioni ulifunga kibanda mapema ukaja kwangu. Hukukaa. Ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Mwalimu, na kama wangetuflashi sisi?"

Nami nikaeleza. Unanijua, miaka yote nimefundisha baiolojia. Nilikueleza jinsi seli za ubongo zinavyoshikana mikono, na kwamba kumbukumbu haikai mahali pamoja kama mahindi ghalani, bali imetandazwa, imefumwa, kiasi kwamba ukivuta uzi mmoja hujui ni wapi patakunjamana. Kwa hiyo, nikahitimisha, ubongo haujai kama simu, na swali lako lina kasoro. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Sawa. Lakini wale watu wa kwenye kitabu changu wanaamini unajaa. Hilo ndilo kosa lao."

Ndipo nikajua kuna kitabu.

Ulikiandika kwa kidole gumba, kwenye simu, kati ya mteja na mteja. Kila sura ikiisha unanitumia, nami naenda kuichapisha pale duka la steshenari kwa sababu macho yangu hayapendi kioo. Nilikuwa msomaji wako wa kwanza na sikukufaa sana, maana kila ukurasa nilikuwa naandika pembeni: eleza hapa, fafanua hapa, mashine hii inatumia umeme gani? Ulikuwa unacheka. "Mwalimu, wewe ungepewa uandike habari ya mtu anayefungua mlango, ungeanza na mti uliokatwa mbao."

Nikitaka kuwaambia watu kitabu kinahusu nini, nasema hivi. Kituo cha utafiti kinajengwa kando ya kijiji cha wachimbaji, nacho kinagawa akili. Mtu anawekewa nyuma ya sikio uzi wa dhahabu mwembamba kuliko unywele, dhahabu ileile iliyotoka chini ya kijiji. Mwenye uzi anajifunza lugha kabla mwezi haujaandama, anasoma miamba kama mtu anayesoma gazeti. Ila ili uzi upate nafasi, mashine kwanza inaondoa kichwani kile inachoona hakina kazi. Kinachoondolewa kinageuka vijiwe vidogo vya kijivu, na vijiwe hivyo vinarundikwa nyuma ya kituo, ndani ya ukuta. Ukikifumba kimoja kiganjani kikapata joto, kile kilichokuwa cha mwenzako kinakuingia.

Chacha, kaka yake Nyangi, msichana tunayemfuata kitabu kizima, anawekewa uzi. Anatengeneza pampu inayokausha maduara yaliyojaa maji, na kijiji kizima kinacheza ngoma. Kisha anarudi nyumbani na kumpita mama yake mlangoni bila kumsalimia. Si kwa dharau. Macho yake yamemwona mama, yamepima kwamba anapumua vizuri na amesimama mwenyewe, basi kuna haja gani ya kumuuliza hali? Mashine ilizipima salamu ikaona hazina kazi. Siku niliyosoma sura hiyo nilitoka nje nikamsalimia jirani ambaye nilikuwa nimekwisha kumsalimia. Alidhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Ndipo Nyangi anapanda ukuta kwenda kutafuta vijiwe vya kaka yake. Na vijiwe vile, watu wa kitabuni wanaviita magwangala. Wangeviitaje vinginevyo? Wewe ni mtu wa hapa, na wao ni watu wa hapa.

Mwisho wake nausoma polepole kila mara. Nyangi hapati cha Chacha. Anapata kijiwe cha mtu asiyemjua, na ndani yake hamna elimu wala siri, mna namna tu ya kumsubiri mtu anayekula polepole. Anakitia kwenye kanga anarudi nacho nyumbani, kwa sababu kuna watu wanaokula polepole hata kwao.

Sura hiyo ya mwisho uliiandika umelalia upande mmoja, upande ambao moyo wako ulikuwa unakuruhusu kupumua. Moyo ule niliujua tangu ukiwa darasani, ulipokuwa unakaa nje ya mchezo na kuhesabia wenzako mabao. Sikuwahi kukusikia ukiulalamikia. Siku zile za mwisho, kabla ya gari la kukupeleka Musoma, uliniambia jambo moja tu kuhusu kitabu. "Wakikichapa, Mwalimu, wasikioshe sana. Ukiosha sana, na dhahabu inakwenda na maji." Nikaitikia haraka haraka, kama mtu anayejua anachoitikia.

Gari halikufika Musoma.

Nisamehe, niliacha kalamu kidogo. Naendelea.

Baada ya arobaini yako nilituma kitabu kwa kampuni moja ya vitabu Dar es Salaam. Kilimwangukia mhariri mmoja, binti wa makamo yako, mwenye sauti ya upole, ananiita Mzee wangu. Alikipenda. Aliniambia sura ya salamu aliisomea ofisini akainuka kwenda kumpigia simu mama yake Singida. Nilifurahi kiasi cha kuwaambia watu wa kanisani.

Mswada uliporudi ulikuwa umepangwa vizuri, koma zote mahali pake. Ila neno lako lilikuwa limeondolewa. Mhariri aliiambia kompyuta: kila penye magwangala weka takataka. Nayo kompyuta, kama Chacha wako, ikafanya ilichoambiwa.

Nikukopie hapa uone. "Nyangi aliposikia lori la takataka limefika, aliacha uji wake ukipoa akakimbia na gunia." Nyingine: "Bwana yule alikuwa tajiri mkubwa wa takataka." Na hii: "Baba alimwoa mama kwa ng'ombe waliotokana na takataka." Hiyo ya ng'ombe niliicheka kwa sauti, peke yangu sebuleni, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikawaza vile ungeicheka wewe, umeshika ubavu. Kisha nikafika mwisho. "Nyangi akainama, akaokota takataka moja, akaifumba kiganjani." Kicheko kikakauka.

Nikampigia. Nilitaka kumkuta na kosa, Bhoke, lakini binti yule alikuwa na hoja.

"Shikamoo Mzee wangu. Najua, zile sentensi za lori nitazirekebisha. Lakini nifikirie na mimi. Mtoto wa shule yuko Tanga, yuko Lindi, anafungua ukurasa wa kwanza anakutana na neno ambalo hajawahi kulisikia. Atafunga kitabu. Mimi nataka Bhoke asomwe." Akaongeza kwa sauti ya chini kama mtu anayefunga mlango wa ofisi: "Na wakubwa wangu wana wasiwasi tayari. Hadithi ya kisayansi, mwandishi hajulikani, tena hayupo wa kwenda redioni. Nikiwapelekea na neno gumu kila ukurasa, watakirudisha."

Kumbe hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Ama kitabu kitoke bila neno lako, ama huenda kisitoke kabisa, na ulichoandika ukipigania pumzi kibaki kwenye bahasha kabatini kwangu.

Nikaona njia ya katikati. Nikamwambia, "Liache neno. Mimi nitalieleza." Akafurahi.

Nilianza na maelezo mafupi ya chini ya ukurasa: "Magwangala ni mawe ambayo mgodi mkubwa umeyaweka kando kwa kuwa dhahabu iliyomo ni kidogo mno kwa mitambo yake. Kwa mtu mwenye nyundo, subira na karasha ya kukodi, dhahabu hiyo si kidogo." Lilikuwa jambo zuri, na ningeishia hapo pengine nisingekuwa nakuandikia leo. Lakini sentensi moja iliita mwenzake. Nikaeleza mwamba unavyobeba dhahabu. Nikaeleza ubongo, na kwa nini kuongeza akili si sawa na kuongeza maji kwenye pipa. Nikaeleza hata shule: kwamba miaka yote niliyosimama ubaoni tulikuwa tunawapitisha watoto kwenye chekeche la mitihani, na wale waliobaki juu ya chekeche hatukuwahi kuwafumba kiganjani tuone wana nini. Niliandika asubuhi, niliandika mchana. Maelezo yakahama kutoka chini ya ukurasa yakawa utangulizi, na utangulizi ukaizidi urefu sura yako ya kwanza.

Mhariri aliupenda utangulizi ule. Wakubwa wake waliupenda zaidi. Walisema sasa kitabu kina mlango, kitachapwa. Nami, mwanangu, nilitembea siku hizo nikiwa nimenyoosha mgongo. Niliona nimekuokolea neno lako.

Jumapili moja baada ya ibada mama yako akaniomba nimsomee. Tukaketi nyuma ya nyumba. Alikuwapo Mama Robhi, jirani anayeponda naye mawe, na mjomba wako Nyamhanga alikuwa amevuka mpaka kutoka Isebania, upande wa Kenya, na katoni zake za sabuni. Nikavaa miwani nikaanza na utangulizi.

Nilipofika kwenye mwamba, Mama Robhi alikuwa amevuta sinia la maharage anachambua. Nilipofika kwenye ubongo, mjomba wako alipiga mwayo ambao kuku waliusikia.

"Mwalimu," akasema, "hii ni kitabu ama ni barua ya serikali?"

"Mwacheni," mama yako akasema. "Anakuja, anakuja." Akanivumilia kurasa nyingine. Kisha akauliza kwa adabu kabisa, kama anavyouliza mtu aliyekaa kituoni, "Mwalimu, Bhoke anaanza lini?"

Nikaufunika utangulizi. Nikafungua sura yako.

Lori linafika, Nyangi anaacha uji, anakimbia na gunia. Mjomba wako akainua mkono. "Ngoja, ngoja. Hii magwangala ni nini? Ni chakula?"

Unajua kilichonitokea. Kifua kilijaa. Nilikuwa na jibu, tena jibu lenye vifungu. Nikafumbua mdomo, na Mama Robhi akatuwahi wote wawili. "Wewe mtu wa Isebania, umeambiwa hadithi, unataka kamusi? Sikiliza! Na wewe Mwalimu, soma."

Nikameza jibu langu. Sijui kama umewahi kumeza jibu zima.

Nikasoma. Lori likamwaga. Wanawake wakagombea, Nyangi akaokota jiwe, akalilamba, akaligeuza juani, akalitia guniani kama mtu anayemweka mtoto mgongoni. Mjomba wako hakuuliza tena. Nikasoma pampu, nikasoma ngoma, nikasoma Chacha akimpita mama mlangoni.

"Ai!" mjomba akaruka. "Sasa huyu ako na akili yote hiyo na hajui kusalimia mamake? Hiyo akili ni ya kufanyia nini?"

"Hajasahau," mama yako akamwambia. "Wamemwondolea."

Nikasoma mashine inavyoondoa, vijiwe vya kijivu vinavyoporomoka kwenye mfereji, rundo nyuma ya kituo. Sikuwa nimefika bado mahali ambapo Nyangi analitaja jina la vile vijiwe. Nilikuwa nageuza ukurasa. Mjomba wako akapiga goti lake kwa kiganja.

"Si hizo ni magwangala! Dada, wametupa magwangala za kijana!"

Hakuna aliyemweleza, Bhoke. Alikuwa hajui, akaketi na kutojua kwake, akaenda na Nyangi hatua kwa hatua, na neno likamfikia mwenyewe kabla yangu mimi mwenye miwani. Mama Robhi akacheka, mjomba akacheka, na mama yako hakucheka. Alimtazama ndugu yake kwa muda. Kisha akasema, "Bhoke amemfundisha kaka yangu neno." Akafunika uso kwa kanga, tukamwacha alie. Nadhani alikuwa hajalia sawasawa tangu siku ile.

Njiani kurudi nyumbani nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyolijua neno hilo. Mimi ni mtu wa Ikoma, nilikuja Nyangoto kwa uhamisho. Siku yangu ya kwanza darasani nilikuta nusu ya madawati matupu, nikauliza wenzenu wako wapi. Mkanijibu kwa pamoja, "Wamekwenda magwangala, Mwalimu!" Nikadhani ni kijiji. Nikauliza ni mwendo gani kwa miguu, na kama kuna daraja. Darasa zima liliangua kicheko, na wewe ulikuwa mmoja wao, ulicheka mpaka ukashika kifua nikaogopa. Hakuna aliyenieleza. Mliniacha. Muhula haujaisha nilikuwa nimekwisha kujua, kwa sababu nilitembea, niliona mikono ya wazazi wenu, nilikula chakula kilichonunuliwa na mawe yale.

Hapo nikaelewa ulichoniambia ukiwa umelalia upande mmoja. Neno takataka linamwambia msomaji mapema kwamba kile kilichotupwa hakina thamani. Utangulizi wangu nao ulimwambia mapema kwamba kina thamani. Vyote viwili vinamwamulia. Wewe ulitaka apande ukuta na Nyangi akiwa bado hajui, gunia tupu mgongoni. Ukimweleza kabla, huko ukutani anakwenda kufanya nini?

Nikampigia mhariri. "Binti yangu, naomba uondoe maelezo yangu. Yote. Na neno lirudi kila mahali alipoliweka Bhoke."

"Mzee wangu, yote? Utangulizi wako ndio niliowaonyesha wakubwa. Ndio uliowafanya wakubali."

Nikamsimulia habari ya mjomba wako. Kwenye "ni chakula?" alicheka, nikasikia kiti chake kikilia. Kisha akarudia sauti ya kazi. "Na wakikirudisha?"

"Watakirudisha kikiwa kizima," nikamwambia. Nilisema kwa ujasiri, lakini baada ya kukata simu nilikwenda kabatini kuitazama ile bahasha.

Nilikwenda kumwambia mama yako, kwa sababu ni haki yake. Nilimwambia huenda kitabu kisitoke, na kisipotoka sababu ni mimi. Alikuwa anaponda. Hakusimamisha nyundo. "Kisipotoka," akasema, "utakuwa unatusomea. Jumapili hatuna kazi."

Bhoke, wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Nilijifunza kutoitazama simu. Mara nyingi niliwaza nimekosea, kwamba kwa ajili ya neno moja nimekuzika mara ya pili. Nilikuwa naweza kumpigia mhariri na kusema rudisha utangulizi, tuyamalize. Mara moja nilifika hadi kubonyeza namba.

Jana amepiga yeye. Ameniambia wakubwa walipokuwa tayari kukikataa aliwaomba dakika chache, akafunga mlango, akawasomea kwa sauti kuanzia sura ya kwanza. Mmoja wao, aliyekuwa hajausoma utangulizi wangu, akauliza magwangala ni nini. Binti akamjibu, "Endelea kusikiliza, bosi." Akaendelea kusikiliza. Walipofika kwenye rundo la kijivu, huyo huyo ndiye aliyelitaja neno.

Kitachapwa. Wataanza na nakala chache, karatasi si ya kifahari, na jalada bado wanabishana. Lakini kila neno liko pale ulipoliacha. Nilipomshukuru, akasema, "Ila Mzee wangu, nakuonya. Wasomaji wakilalamika hawaelewi, nitawapa namba yako."

Basi hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo. Mama yako nimemwambia leo asubuhi. Ameuliza kama jina lako litaonekana kwa mbali, nikamwambia litaonekana. Mjomba anasema atauza nakala pamoja na sabuni.

Nakuaga sasa, mwanangu. Sikuagi vizuri, sijui kuaga mtu niliyemfundisha kutumia hadubini na akaenda kuniachia kitabu. Pumzika mahali ambapo moyo haukimbii. Sisi huku tutaendelea kuulizana hali, asubuhi na jioni, hata tukiona kwa macho kwamba mwenzetu amesimama mwenyewe.

Na nina ahadi moja, inayonigharimu kuliko zote nilizowahi kukupa. Watapiga. Atapiga mtoto wa Tanga, atapiga mwalimu mwenzangu wa Lindi, wataniuliza neno hili maana yake nini. Nitakuwa na jibu, kuanzia mwamba hadi seli ya ubongo, na mstaafu muda anao. Nitawauliza tu wamefika ukurasa gani, kisha nitawaambia wasonge mbele. Watangoja nieleze. Nitawasikia wakingoja, pumzi zao kwenye simu. Nami nitanyamaza, Bhoke, mpaka nisikie ukurasa unafunguliwa.

Mwalimu wako